Filla ipi ununue kabla ya kupiga vanishi mbao zenye vinyweleo vikubwa

Vanishi ya bei ghali haizibi vinyweleo, yaani vitundu vya asili vya mbao. Mwaloni, mahogani na mtiki zote zina vinyweleo vilivyo wazi. Hata ukipiga mikono mitatu ya vanishi nzuri, tazama meza kwa mshazari kuelekea dirishani: utaona mikwaruzo mifupi myembamba, kana kwamba mtu kapitisha sindano. Vanishi hunywea inapokauka, na ile iliyoingia tundoni huzama. Kwa hiyo pesa ya kwanza iende kwenye filla, kijazio cha kuziba vinyweleo hivyo kabla ya vanishi. Mwenye mbao ya msonobari hana haja nayo.

Nafasi ya kwanza naipa filla ya mafuta, ile nzito kama uji. Ni unga wa silika uliochanganywa na mafuta, na silika yenyewe hainywei. Pia inakupa nafasi ya kufanya kazi bila kukimbizana nayo. Ipake kwa brashi ngumu, isukume ndani kwa kadi ya plastiki, halafu ngoja mng'ao wake ufifie. Hapo chukua kipande cha gunia ufute kwa kukatisha nyuzi za mbao. Ukifuta kwa kufuata nyuzi, gunia litang'oa kile kile ulichokijaza.

Ubaya wake ni kungoja. Saa 24 mara nyingi hazitoshi; siku tatu ni salama zaidi, na hali ya unyevunyevu huongeza. Ukiiwahi na vanishi, vinyweleo vinaweza kugeuka kijivu baadaye, na hapo hakuna dawa ila kukwangua. Chagua rangi iliyokolea kidogo kuliko mbao; filla nyeupe kwenye mahogani huonekana kama chaki. Vitambaa ulivyofutia vitandaze nje vikauke, usivikunje na kuvitupa pipani, kwa kuwa vinaweza kuwaka vyenyewe.

Ya pili ni filla ya maji. Hukauka kwa saa chache, haina harufu kali na hukaa vizuri chini ya vanishi ya maji. Mwenye haraka aichukue hii bila kusita. Ila inakaukia mkononi, kwa hiyo fanya sehemu ndogo ndogo, na utegemee kuirudia mara ya pili kwa sababu nayo hunywea kiasi. Kama utatia rangi juu yake, soma kwanza kwenye kopo kama inapokea rangi.

Epoksi, ile ya sehemu mbili za kuchanganya, naiweka ya tatu, ingawa kwa kujaza ndiyo inayozishinda zote, maana karibu haipungui kabisa. Ni ghali, inadai vipimo sahihi vya kuchanganya, na inakolesha rangi ya mbao. Inafaa kwa meza ya kulia chakula. Kwa kabati zima ni kujitesa. Vaa glavu, na usiisugue kabla haijakomaa.

Sandingi sila, kizibio cha kupaka na kusugua kwa msasa kabla ya vanishi, hununuliwa sana, na husifiwa kupita kiasi. Inasugulika kirahisi kwa sababu nyingi huwa na steareti ya zinki (unga laini unaoteleza), lakini kitu hicho hicho huifanya laini. Ukiirundika ili ijaze vinyweleo vikubwa, vanishi ya poliyurethani inaweza isishike sawasawa juu yake. Iache kwa mbao zenye vinyweleo vidogo.

Ya mwisho ni vanishi yenyewe: paka, sugua mpaka chini, paka tena. Inawezekana, lakini utamaliza msasa na subira.

Putti ya kuziba matundu ya misumari usiihesabu kabisa. Ni nzito mno kuingia kwenye vinyweleo, na inaacha mabaka.

Chochote utakachochagua, kijaribu kwanza kwenye kipande kilichobaki cha mbao hiyo hiyo, kilichosuguliwa kwa msasa namba 220, na ukimalize mpaka mkono wa mwisho wa vanishi. Na kama unapenda mwaloni wenye nyuzi zinazogusika chini ya vanishi isiyong'aa, usinunue filla.