Nimelipia programu ya kutafuta maneno marefu ya Kiingereza, nimeambulia dharau

Nina hasira, nasema mapema. Hii programu ya simu, ile unayoiandikia herufi nayo inakuletea maneno marefu ya Kiingereza yenye herufi hizo, nimeitumia karibu muhula mzima hapa Busia, upande wa Uganda, na nilikuwa naisifia kwa kila mwalimu aliyekaa karibu nami ofisini. Sikilizeni sasa walichonifanyia.

Nafundisha Kiingereza sekondari, na jioni nasimamia klabu ya Scrabble, ule mchezo wa kuunda maneno ubaoni kwa vigae vya herufi. Mchezaji ana vigae saba, na akivimaliza vyote kwa mkupuo anaongezewa pointi 50. Shida ni kwamba ubao ukishaanza kujaa, neno la herufi saba mara nyingi halina pa kukaa. Inabidi ulipitishe kwenye herufi iliyokwisha kuwekwa, upate neno la herufi nane. Hapo ndipo waliponipata. Niliandika A, E, I, N, R, S, T pamoja na P, ikanitolea painters, pantries, pertains na repaints. Maneno manne, herufi zilezile! Nikatoa P nikaweka G: granites, ingrates, gantries, rangiest. Watoto walipiga meza kwa furaha. Binti mmoja wa kidato cha pili, ambaye siku zote hukaa nyuma kimya, aliinuka akajiandikia pertains kwenye daftari kabla sijamaliza kusoma orodha. Jioni ile ningewapa nyota tano bila kufikiri.

Ndiyo maana nikalipia. Ukitumia bure, maneno marefu wanakuonyesha herufi ya kwanza tu, zilizobaki ni vinyota, na matangazo yanakula bando ambalo tangu 2021 tunalilipia kodi ya asilimia 12. Nikatuma pesa kwa simu, roho nyeupe.

Halafu wiki fulani nikataka kuandaa zoezi la tahajia. Wanafunzi wetu, hata wale wakali, wanaangushwa na herufi zinazojirudia. Accommodation wanaandika kwa M moja, committee kwa T moja, na kwenye mtihani hakuna wa kuwahurumia. Nikaandika CCMM, nikitaka maneno marefu yenye C mbili na M mbili au zaidi. Accommodation ingekuja, communication ingekuja, commencement pia. Kilichokuja ni camouflage. Chimpanzee. Microphone. Orodha ndefu ya maneno yenye C na M popote pale, hata kama ni moja moja. Nikajaribu SSSS, nikitafuta possessiveness na senselessness, ambayo kila moja lina S sita. Nikaletewa kila neno la Kiingereza lenye S! Hiyo ni kazi gani? Programu inayouza utafutaji wa herufi haijui kuhesabu herufi.

Hilo peke yake ningelisamehe. Mitambo hukosea. Niliwaandikia kwa adabu kabisa, nikaeleza kosa, nikaambatanisha picha ya skrini. Mtu wa huduma kwa wateja akanijibu kwamba herufi ukishaiandika mara moja inatosha, kuirudia hakuna maana, na kwamba nisome maelekezo kwanza. Nikamweleza tena, taratibu, kwamba mimi ni mwalimu na ninachotafuta ni hayo hayo marudio. Akanishauri nianze na kamusi ya wanaojifunza Kiingereza, kisha akafunga mazungumzo. Akafunga! Nilipoandika tena nikakuta dirisha halipokei ujumbe. Mimi, ninayewafundisha watoto wa watu Kiingereza, naambiwa nikajifunze, na anayeniambia hawezi kutofautisha M moja na mbili.

Kijana anayesimamia maabara yetu ya kompyuta alinisikia nikilalamika. Akasema, "Madam, hiyo si kazi ngumu." Akafungua jedwali, akamwaga humo orodha ya maneno ya Kiingereza, safu moja chini. Kisha akaiamuru kompyuta ipime urefu wa kila neno, iondoe C zote, ipime tena. Tofauti ndiyo idadi ya C. M vilevile. Hajalipwa hata shilingi, na accommodation ikatokea palepale na wenzake wote. Kama jedwali la kawaida la ofisi linaweza, hao wanaokusanya pesa zetu kila mwezi wanashindwaje?

Tena kupitia jedwali hilo nikagundua jambo jingine. Wanatangaza maneno marefu kuliko yote, lakini kwao hakuna linalozidi herufi 15. Responsibilities, neno ambalo hata watoto wanalisikia paredi kila Jumatatu, lina herufi 16 na halimo. Nadhani wamechukua orodha ya Scrabble kama ilivyo. Ubao wa Scrabble una miraba 15 kila upande, kwa hiyo orodha za mchezo huishia hapo. Kwa mchezaji ni sawa. Kwa mwalimu anayetafuta incomprehensibility au counterrevolutionary ni kupoteza muda, na wangesema wazi kabla ya kupokea pesa.

Kwa hiyo nyota moja. Nimesitisha malipo.

Ingawa, kwa haki, kwa vigae saba na kimoja cha ubaoni sijaona inayoishinda kwa wepesi, na klabu bado wananiomba niifungue, nami naifungua, ile ya bure na vinyota vyake. Basi nyota mbili, ya pili ni ya pertains. Lakini yule wa huduma kwa wateja asije akadhani ni yake. Yeye bado ananidai samahani, na ujumbe wangu anao.