Tahadhari kwa wanaopanga harusi ndogo nje ya nchi: mratibu wa kazi za mikono aliyetoweka na arbuni zetu

Naandika tahadhari hii kwa wachumba wanaopanga kufunga ndoa nje ya nchi yao, katika harusi ndogo ya watu wachache, yenye vitu vilivyotengenezwa kwa mkono badala ya mapambo ya kukodi. Mimi na mchumba wangu, ambaye sasa ni mume wangu, tulitapeliwa na mtu aliyejitambulisha kuwa fundi na mratibu wa harusi za aina hiyo. Tulipogundua, wiki tano kabla ya siku yenyewe, alikuwa amekwisha kupokea zaidi ya nusu ya fedha zote tulizokuwa tumeziweka akiba kwa ajili ya shughuli hiyo. Simtaji jina kwa sababu ametumia majina zaidi ya moja, na huenda mojawapo ni la mtu asiye na hatia aliyeibiwa jina lake. Nitaeleza alivyofanya kazi, kwa kuwa jina hubadilishwa kwa dakika moja lakini njia yake ni ileile.

Tulichokuwa tukikitafuta hakikuwa kikubwa. Tulitaka wageni 18, ua wa nyumba ya kale ya mawe, kadi za mwaliko za karatasi iliyotengenezwa kwa mkono, vitambaa vya meza vilivyotariziwa majina yetu, vinara vya udongo, na shada la maua yaliyokaushwa ambalo tungeweza kurudi nalo nyumbani. Harusi ya namna hii haina kampuni kubwa ya kuisimamia. Hutegemea mafundi mmoja mmoja ambao wengi wao hufanyia kazi nyumbani, hujibu barua pepe usiku, na hawana tovuti ya maana wala msaidizi wa kupokea simu. Nasisitiza jambo hili kwa sababu ndilo lililotufumba macho. Kila dalili ambayo kwa mfanyabiashara mwingine ingetushtua, kwake tuliipa tafsiri nzuri: akichelewa kujibu tulisema mikono yake imo kwenye udongo, akikosa kutoa ankara tulisema yeye ni fundi na si karani, na picha zake zilipotofautiana tulisema ndiyo sifa ya kazi ya mkono, kwani vitu viwili vya mkono havilingani. Mara nyingi tulimtungia visingizio kabla yeye mwenyewe hajavitoa.

Alianza vizuri sana. Kabla ya kuomba chochote alitutumia kwa posta bahasha yenye kadi tatu za karatasi nzito ya pamba, ambazo kingo zake zilikuwa na nyuzinyuzi badala ya mkato wa mashine, na ukiiinua kadi kwenye mwanga uliona petali ndogo zilizonasa ndani ya karatasi. Jioni ile tulizipokezana mezani mpaka chakula kikapoa. Baadaye tulibaini kwamba kadi hizo zilikuwa za fundi mwingine, ambaye huuza sampuli zake kwa yeyote azitakaye kwa bei ndogo, kiasi kwamba tapeli anaweza kuwatumia watu kumi na, akimnasa mmoja tu, gharama yote imerudi na faida juu yake. Muhuri wa posta kwenye bahasha, ambao hakuna kati yetu aliyejishughulisha kuusoma, ulikuwa wa nchi tofauti kabisa na ile aliyodai kuishi.

Malipo ya kwanza, ambayo yalikuwa asilimia 10, aliyaomba kwa kadi ya benki, nasi tukalipa bila wasiwasi. Malipo ya pili, ambayo ndiyo yaliyokuwa makubwa, alitaka yaende kwa uhamisho wa benki, akieleza kwamba makato ya kampuni za kadi ni mzigo kwa fundi mdogo. Maelezo hayo yana ukweli ndani yake, na ndiyo maana yanafaa sana kudanganyia. Namba ya akaunti aliyotupa ilikuwa ya mfumo wa IBAN, ambamo herufi mbili za mwanzo hutaja nchi ilipo akaunti. Herufi zile hazikuwa za nchi ya harusi, na jina la mwenye akaunti halikuwa lake. Tulipomuuliza alisema ni akaunti ya dada yake anayemsaidia hesabu. Mchumba wangu aliridhika na jibu hilo. Mimi sikuridhika, lakini nilinyamaza kwa sababu sikutaka nionekane mtu wa kumshuku fundi anayejitafutia riziki. Malipo ya tatu yalipitia PayPal, na alituomba tuyatume katika fungu la fedha za jamaa na marafiki. Ifahamike kwamba malipo ya fungu hilo hayamo katika kinga ya mnunuzi inayotolewa na huduma hiyo. Mtu anayekuuzia kitu kisha akakuomba umlipe kama ndugu yake, anakuomba uivue ngao yako kwa mikono yako mwenyewe.

Ada ya nyaraka ndiyo iliyopaswa kutuamsha. Alituambia kwamba angeshughulikia karatasi zote za kisheria, na akadai fedha za apostili ya cheti chetu cha ndoa, zilipwe mapema ili siku ya harusi kila kitu kiwe tayari. Apostili ni uthibitisho uliowekwa na Mkataba wa The Hague wa tarehe 5 Oktoba 1961, nayo huthibitisha saini, wadhifa wa aliyetia saini, na muhuri uliomo kwenye hati ya umma, ili hati hiyo ikubalike katika nchi nyingine iliyojiunga na mkataba. Hutolewa na mamlaka ya nchi ilikotoka hati, na hutolewa kwa hati ambayo tayari imetiwa saini. Cheti cha ndoa ambayo haijafungwa hakina saini ya kuthibitishwa na mtu yeyote. Kwa maneno mengine, tulilipia muhuri wa karatasi ambayo haikuwa imezaliwa.

Zaidi ya hapo, sasa naona kwamba kilichokosekana kwake ni maswali ya kuchosha. Masharti ya kuwafungisha ndoa wageni hutofautiana mno kati ya nchi na nchi. Nchini Ufaransa, kwa mfano, ndoa hufungwa mahali ambapo mmoja wa wachumba, au mzazi wa mmoja wao, ana makazi au ameishi mfululizo kwa angalau mwezi mmoja, na tangazo la ndoa hubandikwa kwa siku 10. Nchini Denmark, tangu tarehe 1 Januari 2019, wachumba wa kigeni huomba kwanza cheti katika taasisi ya taifa iitwayo Familieretshuset, na cheti hicho hudumu kwa miezi minne. Mratibu anayeijua kazi yake angetuuliza uraia wetu, makazi yetu, na vyeti vya talaka kama vipo, mpaka tukachoka naye. Yeye hakuuliza hata kama mmoja wetu aliwahi kufunga ndoa. Alichokitaka ni nakala za pasipoti, nasi tukampa.

Kisha yakaja maua. Alikuwa ametueleza kwa urefu kwamba huyachuma katika bustani yake, iliyo hatua chache kutoka mlangoni, na kuyaning'iniza kichwa chini gizani ili yasipoteze rangi. Miezi miwili kabla ya harusi alituandikia kwamba maua yamezuiliwa forodhani na kwamba fedha zinahitajika kwa ajili ya cheti cha afya ya mimea. Cheti hicho ni kitu halisi. Hutolewa na mamlaka ya kulinda mimea ya nchi yanakotoka mazao, na Umoja wa Ulaya, tangu tarehe 14 Desemba 2019, hukidai kwa takriban mimea yote na maua mabichi yanayoingia kutoka nje, hata yakiwa ndani ya mizigo ya msafiri. Lakini maua yanayochumwa nyuma ya nyumba hayana forodha ya kupita. Nilipoisoma barua ile tena baadaye nilicheka peke yangu, ingawa siku tuliyoipokea tulilipa kabla ya saa sita mchana.

Kilichotufumbua macho hatimaye ni kitambaa. Tulikuwa tumeomba kuona kazi ilipofikia, naye akatuma picha ya kitambaa cha kitani chenye majina yetu mawili yaliyotariziwa kwa uzi wa kijani. Ilikuwa picha nzuri, na kwa wiki nzima niliiweka mbele ya simu yangu. Usiku mmoja niliikuza ili nihesabu mishono, maana nami hutarizi kidogo, nikaona kwamba herufi a zote tatu zilizomo katika majina yetu zilikuwa na uzi mmoja uliochomoza upande wa kulia, mahali palepale, kwa urefu uleule. Mkono wa mtu haukosei mara tatu kwa kipimo kimoja. Tena kitambaa hakikuwa kimevutika popote kuzunguka maandishi, ilhali mishono inapokazwa kwenye kitani huacha vikunjo vidogo pembeni. Majina yetu yalikuwa yamebandikwa kwa programu ya kuhariri picha. Tuliikata sehemu yenye majina, tukaipitisha picha iliyobaki kwenye huduma ya kutafuta picha kwa picha, na tukaipata ya asili katika ukurasa wa mtarizi mwingine kabisa, ikiwa na majina ya wachumba wengine.

Asubuhi yake wifi yangu alitafuta mwenyewe namba ya nyumba yenye ua, bila kutumia ile tuliyopewa na mratibu, akapiga simu. Mwenye nyumba alimjibu kwa upole kwamba siku yetu haikuwa imelipiwa na mtu yeyote, kwamba hamjui mratibu huyo, na kwamba sisi tulikuwa wachumba wa tatu kumpigia mwaka ule. Mratibu tulipomkabili alijibu kwa ukarimu mkubwa, akatutumia karatasi aliyoiita mkataba, yenye nembo na saini. Siku mbili baadaye kurasa zake zote zilikuwa zimefutwa.

Kuhusu kurudishiwa fedha, nieleze kwa ukweli. Asilimia 10 iliyolipwa kwa kadi ilirudi baada ya kuwasilisha pingamizi la malipo kwa benki iliyotoa kadi. Kanuni za Visa na Mastercard zina muda maalumu wa pingamizi, ambao mara nyingi ni siku 120, na kwa huduma isiyotolewa siku hizo kwa kawaida huhesabiwa tangu tarehe ambayo huduma ilitarajiwa, kwa hiyo anayelipa mwaka mmoja kabla ya harusi asidhani kwamba amekwisha kuchelewa. Uhamisho wa benki tuliomba urejeshwe, na jibu likawa kwamba akaunti ilikuwa tupu. Fedha za jamaa na marafiki hazikurudi. Tulitoa taarifa polisi, na pia kwa mamlaka iliyotoa pasipoti zetu. Wiki moja baada ya mimi kusimulia habari hii hadharani kwa mara ya kwanza, mtu alinitafuta akisema yeye ni mtaalamu wa kufuatilia fedha zilizoibiwa, na kwamba kwa ada ndogo ya mwanzo angezirudisha zote. Huyo naye ni tapeli, na inawezekana kabisa kwamba ni yuleyule aliyerudi kwa mlango wa nyuma. Atakayejibu tahadhari hii atatafutwa vilevile, naye asitume chochote.

Ndoa tuliifunga mwezi mmoja baada ya tarehe ya awali, mbele ya msajili na watu 11, na vitambaa vya meza nilivitarizi mwenyewe, kwa herufi zilizopinda.

Kwa anayezungumza na mratibu wa aina hii sasa hivi, namshauri aombe mazungumzo ya video fundi akiwa ameketi kwenye kazi yake, na amwombe ageuze kitambaa aonyeshe upande wa nyuma, kwa sababu nyuma ya tarizo kuna mafundo na nyuzi zinazovuka ambazo mwizi wa picha huwa hana. Wetu alikuwa na kamera mbovu kwa miezi saba. Ampigie mwenye ukumbi kwa namba aliyoitafuta mwenyewe, awaulize wasajili wa nchi husika masharti yao moja kwa moja, na amlipe kila fundi peke yake, kwa kadi inapowezekana, hata kama kufanya hivyo kunaleta usumbufu wa barua pepe nyingi. Fundi wa kweli hachukizwi na maombi hayo. Mtarizi mwenye ile picha ya asili, tulipomwandikia, alitujibu kwa video ya dakika mbili kabla hatujaiomba.

Picha ya kitambaa bado inazunguka. Mwezi uliopita niliiona katika ukurasa mpya wenye jina jipya la mratibu, ikiwa na majina ya watu nisiowajua. Ni kitani cha rangi ya maziwa, uzi wa kijani, na kwenye pembe ya chini kushoto kuna doa dogo la kahawia ambalo hakuna aliyejishughulisha kulifuta. Mkitumiwa picha hiyo yenye majina yenu, msilipe, na msimjulishe kwamba mmemgundua mpaka mmehifadhi picha za skrini za mazungumzo yote na namba ya akaunti aliyowapa, maana sisi tulimjulisha kwanza, na nusu ya ushahidi wetu ikafutika pamoja na kurasa zake.