Ziara ya Miamba ya Kaiso-Tonya: Siku Moja ya Kuelewa Mafuta Yanakaa Wapi

Kwa mwalimu wa jiografia, au kwa yeyote anayeishi Bunyoro, magharibi mwa Uganda, na kusikia habari za mafuta kila siku bila kuonyeshwa mahali yanapokaa, ninaipendekeza kwa moyo mmoja ziara ya siku nzima inayoongozwa na kikundi kidogo cha wanajiolojia vijana wa mjini Hoima. Nilikwenda na walimu wenzangu pamoja na wageni kutoka Tanga, na kwa sababu hiyo maelezo yote yalitolewa kwa Kiswahili, tena Kiswahili kilichopangwa vizuri. Kiongozi wetu, ambaye kila mtu alimwita Amooti, empaako yake (jina la heshima na upendo la Wanyoro), hakuonyesha kuchoshwa na swali lolote.

Ubora mkubwa wa ziara hii ni kwamba inaing'oa dhana iliyoenea mno, hata madarasani, kwamba chini ya Ziwa Albert kuna ziwa jingine lililojaa mafuta. Kazi hiyo inaanzia juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, kabla barabara haijateremka kuelekea Kaiso-Tonya, penye miamba ya kale sana ya naisi ambayo jua na mvua vimeilegeza hadi inamomonyoka kwa vidole. Amooti alitueleza kwamba madini ya feldispa yaliyomo hugeuka udongo wa mfinyanzi, ilhali chembe za kwatsi, kwa ugumu wake, hubaki kuwa mchanga. Mito kama Hohwa na Wambabya huzoa vyote viwili na kuvishusha bondeni: changarawe hutuama chini ya ukingo ambapo maji hupunguza kasi, mchanga husambaa kwenye mito na delta, na tope laini husafiri hadi kwenye kina kilichotulia. Kwa kuwa sakafu ya bonde imekuwa ikididimia kwa mamilioni ya miaka, mashapo hayo yamelundikana tabaka juu ya tabaka, na unene wake unakadiriwa kufikia takriban kilomita 6.

Kituo cha pili ndicho kinachostahili nauli yote. Karibu na matabaka yaliyo wazi, Amooti alipanga mitungi miwili ya kioo, mmoja ukiwa na mchanga mkavu wenye chembe za ukubwa unaolingana, na mwingine mchanga uliochanganyika na tope, kisha akatupatia maji ya kupima. Mtungi wa kwanza, ambao kwa macho ulikuwa umejaa kabisa, ulipokea maji yaliyozidi theluthi ya ujazo wake na yakateremka papo hapo; wa pili ulipokea kidogo, tena kwa kusitasita, kwa sababu tope lilikuwa limeziba nafasi zilizo kati ya chembe. Hapo ndipo tofauti ya mambo mawili ilipoeleweka: mwamba unaweza kuwa na nafasi nyingi, kama udongo wa mfinyanzi ulivyo, lakini kama nafasi hizo ni finyu kupita kiasi, mafuta hayapiti. Mwamba mzuri wa kuhifadhi mafuta unahitaji nafasi na pia njia ya kuziunganisha.

Baadaye tulidondoshea maji vipande viwili vya jiwe la mchanga. Kimoja kiliyanywa mara moja. Kwenye cha pili, ambacho chembe zake zilikuwa zimegandishwa na madini ya chuma, tone lilibaki juu. Kadiri mashapo yanavyofukiwa, uzito wa yaliyo juu huyabana, na maji yanayopita ndani huacha chokaa, silika au chuma kinachoyagandisha. Kwa hiyo mchakato uleule unaofanya mchanga kuwa mwamba ndio unaopunguza makazi ya mafuta. Mchanga wa upande wetu una umri mdogo kijiolojia na haukufukiwa kwa kina kikubwa, hivyo bado una nafasi nyingi, ingawa kwa kulegea kwake huweza kutoka pamoja na mafuta na kulazimu visima kuwekewa vichujio.

Mmoja wa wageni aliuliza kwa nini, kati ya mapipa bilioni 6.5 yanayokadiriwa kuwa ardhini, yanayotarajiwa kutolewa ni takriban bilioni 1.4 tu. Amooti aliuinamisha mtungi wa kwanza juu ya kitambaa cha kuzuia mchanga: maji yalitoka, lakini mengi yalibaki yameng'ang'ania chembe. Sijapata kuona jibu bora zaidi la swali hilo.

Udhaifu upo baada ya chakula cha mchana. Chanzo cha mafuta, yaani tope lenye mabaki ya mwani lililofukiwa hadi likapata joto la kutosha, kilielezwa kwa haraka. Vivyo hivyo tabaka za udongo zinazoyazuia mafuta yasipande, na mipasuko inayoyanasa. Bila mambo hayo mchanga ungebaki na maji matupu, kwa hiyo yanastahili muda sawa na mitungi. Ningependa pia ziara ifike Kibiro, ambako mafuta hujipenyeza yenyewe hadi juu ya ardhi karibu na chemchemi za maji moto. Ni michirizi ya aina hiyo iliyomfanya Wayland, mwanajiolojia wa enzi za ukoloni, aandike ripoti ya mwaka 1925 kuhusu mafuta ya Uganda, ingawa ilibidi kusubiri hadi mwaka 2006, kisima cha Mputa, ndipo mafuta ya kutosha kibiashara yathibitishwe.

Kijitabu wanachogawa kimeandikwa kwa Kiingereza pekee, jambo ambalo halilingani na juhudi za kiongozi. Usafiri ni mzuri, na samaki wa mchana walikuwa wametoka ziwani moja kwa moja. Bei si ndogo kwa mshahara wa mwalimu, lakini shule inayochangia kwa kikundi itaimudu. Nendeni wakati wa kiangazi, kwa sababu mvua hufanya njia za ukingoni ziteleze, na mtoe taarifa mapema kwamba mnahitaji maelezo ya Kiswahili.