Fonti ya italiki kwa kadi ya harusi: ipi ulipie, ipi uchukue bure

Kabla hujatoa hela ya fonti ya italiki (mtindo wa herufi zilizolala upande), nenda sehemu ya majaribio kwenye tovuti ya muuzaji, futa maneno ya Kiingereza aliyoyaweka, uandike majina ya maharusi wenyewe. Matangazo ya fonti hupenda kuringia Q yenye mkia wa tausi. Kadi ya Kiswahili Q ya nini? Yenyewe imejaa K, M na Z, na "kw" na "mw" kila mstari. Bibi harusi akiwa wa akina Nyang'oro, itazame ile ritifaa (alama ya ' kwenye ng'): kwenye fonti nyingi za mapambo huacha pengo, jina moja likasomeka mawili.

Mimi ya kwanza naiweka EB Garamond Italic, na ni ya bure. Georg Duffner aliichora akifuata karatasi ya sampuli za herufi iitwayo Egenolff-Berner, ya mwaka 1592, na italiki zake zimetokana na za mchonga herufi Mfaransa Robert Granjon. Leseni inaruhusu kazi ya biashara. Usichoruhusiwa ni kuiuza fonti yenyewe peke yake. Mistari yake ina unene wa kutosha, kwa hiyo jina la ukumbi na namba za wanakamati zinasomeka hata kwa pointi 9 (kipimo cha ukubwa wa herufi), na kadi ikirushwa WhatsApp haififii.

Ya pili ni Adobe Garamond Pro Italic ya Robert Slimbach (1989), nayo ya kulipia. Asili ni huyo huyo Granjon. Unachonunua hasa ni herufi kubwa za mikia. Kama Adobe, kampuni ya programu za usanifu, unawalipa tayari kila mwezi, itumie. Kama huwalipi, rudi kwenye ile ya bure.

Cormorant Garamond Italic ya Christian Thalmann, bure pia, ndiyo nzuri kuliko zote ikiwa kubwa. Niliwahi kuitumia kwa pointi 10, dhahabu juu ya krimu. Ile mistari myembamba kama nywele inayounganisha miguu ya "n" haikutokea kabisa, vikabaki vijiti viwili viwili. Kosa lilikuwa langu, maana imechorwa kwa ajili ya vichwa vya habari, na kadi 150 nilizirudia kwa mfuko wangu. Iwekee majina mawili ya katikati tu, pointi 36 kwenda juu.

Poetica, ya Slimbach tena (1992), inafuata mwandiko wa makarani wa Italia, ule ule uliozaa italiki za mchapaji Aldus Manutius kule Venice mwaka 1501. Ina alama za "&" (yaani "na") zaidi ya 50. Kwa kadi inayosema "Juma na Neema" sioni sababu ya kuinunua.

Mwisho Monotype Corsiva. Ilikuja na Microsoft Office, ndiyo maana kila steshenari inayo na kila cheti cha chekechea kimeivaa. Haina ubaya, imechosha tu.

Kazi ikienda kwa mchapaji, tuma PDF yenye fonti ndani yake, si faili la Word. Kompyuta yake ikiikosa fonti yako, itaweka nyingine bila kukuuliza.