Kozi ya miezi 6 ya upishi wa mikahawani: visu safi, upoozaji bado

Kwa anayetaka kuingia kazi ya jikoni upesi, kozi hii inafaa, ila kwa masharti. Somo la visu ndilo bora: kitambaa chenye unyevu chini ya ubao usiteleze, ncha za vidole zimekunjwa ndani, vitunguu vya milimita 5 vinavyolingana. Visipolingana, vidogo huungua na vikubwa bado vibichi.

Mkate unafundishwa kwa mizani, si kwa kikombe: unga gramu 1,000, maji 650, chumvi 20. Hapo hawana deni.

Kasoro iko kwenye upoozaji. Sufuria la supu la lita 20 huachwa mezani lipoe lenyewe, na katikati hubaki vuguvugu kwa saa nyingi, karamu ya bakteria. Supu ishuke kutoka nyuzi 57 hadi 21 ndani ya saa 2, kisha hadi 5 ndani ya saa 4 nyingine. Igawe kwenye trei za kina cha sentimita 5, juu ya barafu. Tena kipimajoto ni kimoja kwa wanafunzi 12, na hakuna anayekitumbukiza kwenye maji ya barafu kuona kama kinasoma 0.

Uoshaji vyombo, wastani. Kabla ya kulipa ada, uliza saa za mazoezi kwenye jiko lenye wateja halisi. Zisipofika nusu ya ratiba, tafuta kwingine.