TAHADHARI: Baba anayeuza simu za kukoroga Makoroboi

Jamani wana Mwanza, huyu baba asipokamatwa ataleta balaa. Naandika nikiwa na hasira na aibu. Mliokuwepo Jumamosi mnajua kwa nini, na alichosema mama wa bibi harusi mbele ya watu sirudii hapa.

Alikuwa ametandaza turubai lake jioni: pasi za mkaa, redio za mbao, mizani ya shaba, na katikati simu mbili nyeusi za kukoroga, zile za zamani zenye mkono wa kuzungusha ubavuni, zinang'aa utadhani zimetoka kiwandani jana. Mimi niliuliza tu. Hakutaja bei kwanza. Alitoa waya, akaunganisha simu moja na nyingine, akanisogezea moja, akakoroga ya kwake. Kengele ya simu yangu ikalia palepale, wapita njia wakageuka. "Hizi ni za Posta na Simu ya Afrika Mashariki, mama yangu, kabla jumuiya haijavunjika 1977. Huzipati tena." Sasa niambieni, nani asingeamini? Simu inalia! Mtu ana mvi, shati limepigwa pasi, anajua historia kuliko mwalimu wangu wa sekondari. Nilipomwambia afungue chini nione, akazivuta kwake: "Ukizifungua unaziua thamani." Nikaona ni maneno ya mtu anayeijua kazi yake. Alianza na laki tatu, tukamalizana laki mbili na arobaini, na ya kutolea juu yangu.

Jumamosi, ukumbini kwenye ile harusi niliyokuwa napamba, nikatandika satini nyeupe, simu moja nikaiweka pembeni ya kitabu cha wageni. Ilipendeza, picha zipo. Joto la ule ukumbi mnalijua, na feni zake zile. Keki haijakatwa, nikaona chini ya simu duara la rangi ya asali kwenye satini, linapanuka taratibu. Nikainua simu, mafuta yakaninata vidoleni, mazito, harufu inapanda kichwani. Nikayapangusa kwa kiganja harakaharaka wageni wasione. Kuna mtoto alikuwa ameshaikoroga weee, na keki akala kwa mkono uleule.

Nikampigia. "Aah, mama yangu, hayo mafuta ya cherehani tu. Yakikusumbua itoboe, yamwagike yaishe." Itoboe! Tangu hapo hapatikani.

Aliyeifungua ni fundi wangu wa redio wa Mabatini. Alianza kwa kuvaa glavu, nikamcheka. Ndani kuna kapasita, kile kiboksi cha bati cha kutunza chaji ya umeme, kona yake imevimba na kuachia kwenye lehemu. Nyuma yake, sikilizeni hapa, kulikuwa na kipande cha sponji ya godoro, kimekatwa vizuri kwa wembe, kimeshindiliwa na kuzungushiwa tepu nyeusi ya umeme, kimeloa chepechepe. Sponji ya bluu, ya juzijuzi! Posta ya Afrika Mashariki haikuweka godoro ndani ya simu. Huyu mtu alijua inavuja, akaziba, akaipiga kiwi, akaniuzia na "mama yangu" juu.

Fundi anasema kapasita za zamani nyingine zilijazwa nta, nyingine mafuta ya kawaida, lakini zipo zilizojazwa mafuta ya PCB, kemikali ya sumu, yaleyale ya kwenye transfoma za zamani. Kwa macho hutofautishi, mpaka maabara. Marekani ilipiga marufuku kuyatengeneza mwaka 1979, na sisi Tanzania tuliridhia mwaka 2004 ule Mkataba wa Stockholm unaotaka yaondolewe. Yanaleta saratani, yanaharibu ini, ngozi inatoka chunusi mbaya. Kuyagusa mara moja si kifo, nimeambiwa nisichanganyikiwe, ninawe vizuri kwa sabuni. Shida ni kuishi nayo, maana yakishaingia mwilini hayatoki leo wala kesho. Ukiyamwaga mtaroni yanaishia ziwani, na samaki anayabeba kwenye mafuta yake, sangara wetu huyuhuyu. Ukiyachoma ndiyo mbaya zaidi, moshi wake unatoa dioksini, sumu kali.

Na binti ninayefanya naye kazi alikuwa ameshaibeba ile satini kwenda kuifua ziwani. Nilimkimbilia hadi kituo cha daladala, na gauni langu la sherehe, watu wananiangalia.

Simu zote mbili, satini na ile sponji nimevitia kwenye ndoo ya rangi yenye mfuniko, maranda juu yake, ipo stoo nje, watoto hawafiki. Naenda kuwauliza NEMC, wale wa baraza la mazingira, hapa mjini zinapelekwa wapi. Kama unayo inayovuja, usiitoboe wala usiijaribu kwa moto, na glavu iwe ile nene ya mpira wa naitraili.

Dalili za simu iliyozibwa hivyo? Kiwi na pafyumu vinanuka kuliko simu yenyewe. Skrubu za chini mpya, zinang'aa, kwenye simu ya miaka sitini. Hataki ufungue. Hana duka, hana risiti. Kuna na nyingine nimesahau, fundi alinitajia.

Mimi ningekuwa hakimu, ningemfungia chumba kimoja na hizo kapasita zake zote, alale nazo, apikie humohumo, halafu tuone kama bado ni mafuta ya cherehani. Laki mbili na arobaini naweza kuisamehe. Mkono wa yule mtoto siusamehi. Polisi nimeshakwenda, nikaulizwa kosa ni lipi hasa, simu si inalia?

Kulikuwa na simu nyekundu ya kuzungusha namba pale kwenye turubai, dada mmoja alikuwa anaibania bei nilipoondoka, alisema anataka kuiweka kwenye mgahawa wake Nyegezi. Anayemjua amwambie aitoe jikoni leo. Na mwenye namba mpya ya huyo baba aniletee inboksi.