Tangi la samaki kutoka kwa fundi vioo wa Mwanjelwa: kazi imara, maswali machache

Wiki iliyopita mteja mmoja alikaa chini ya draya, akamtazama Chifu, samaki wangu wa aina ya oska, weee, halafu akauliza, "Dada, huyu perege mnamkaanga lini?" Sikukasirika. Oska na perege ni ukoo mmoja, ukimtazama mgongo unauona undugu. Ila huyu wangu asili yake ni bonde la mto Amazon huko Amerika Kusini, na pesa aliyokwishanila ingetosha perege wa kitoweo mwaka mzima. Wengi wanaoingia hapa saluni kwangu, Soweto ya Mbeya, huuliza nani katengeneza tangi lake. Basi naandika mara moja nipumzike.

Katengeneza fundi wa vioo na alminiamu pale Mwanjelwa. Jina naliacha, maana nitamsifu na kumlalamikia hapa hapa.

Nimenunua kwake mara mbili. Tangi la kwanza lilikuwa sentimita 60 kwa 30 kwa 35, lita sitini na kitu, shilingi 90,000. Kingo zimesuguliwa vizuri, halikuvuja hata tone. Lakini fundi hakuniuliza naweka samaki gani, nami sikujua kwamba ni jambo la kuulizwa. Chifu alikuwa na urefu wa kidole gumba, nimetoka naye Dar ndani ya mfuko wa nailoni, na aliyeniuzia aliapa kwamba samaki hukua kwa kadiri ya nyumba yake.

Uongo mtupu. Oska mchanga akila vizuri huongeza sentimita mbili mpaka tatu kwa mwezi, na akikomaa hufika sentimita 30 na kupita. Kwenye tangi dogo kinachotokea ni kwamba maji yanamwumiza kabla hajamaliza kukua. Miezi sita tu, Chifu alikuwa akitaka kugeuka inabidi ajikunje. Na uchafu, jamani! Samaki mkubwa anakula sana na kunya sana. Uchafu ule unatoa amonia, sumu kwa samaki, na lita sitini ni kikombe tu kwake. Bakteria walioko kwenye filta wanaibadilisha amonia kuwa naitraiti, kisha naitreti, lakini naitreti nayo inarundikana mpaka uyamwage maji. Nilikuwa nabadilisha kila baada ya siku moja, na bado vikaanza kumtoka vishimo juu ya macho, vidogo kama vya sindano. Oska wanaokaa kwenye maji mabaya na kulishwa chakula cha aina moja hupatwa sana na ugonjwa huo. Nikafunga saluni mchana, nikarudi Mwanjelwa.

Safari hii nilikwenda na vipimo: urefu 150, upana 60, kimo 60, kioo cha milimita 12. Tulikubaliana 650,000, na stendi ya chuma 160,000. Nilikuwa nimebeba na gundi yangu ya silikoni, nikidhani napunguza gharama. Akaugeuza mrija, akaweka kidole kwenye maandishi. "Hii ya bafuni, dada. Ina dawa ya kuzuia ukungu, itakuulia samaki." Akanirudishia. Hapo ndipo nilipoanza kumwamini. Alivyogandisha na ile ya kwake, banda zima lilinuka siki, na akakataa kunikabidhi tangi mpaka harufu ikatike. Ilichukua zaidi ya wiki. Kisha akalijaza maji palepale uani siku mbili, ametandika magazeti makavu chini ya kila pembe, asubuhi na jioni anayapapasa kama yamelowa. Kwa kipengele hicho nampa alama zote.

Likaja kwa kirikuu, limelazwa juu ya godoro, vijana wanne wakihema. Tupu tu lina kama kilo mia.

Na hapa ndipo lawama yangu. Sakafu ya saluni ina mteremko kidogo kuelekea mlangoni ili maji ya kuoshea nywele yatoke. Fundi alikuja bila pima maji. Aliona stendi inacheza, akakunja boksi akalisokomeza chini ya mguu mmoja. Tangi hilo likijaa, pamoja na maji na vioo, linapita kilo 550! Siku ya tatu msichana wangu alipiga deki, boksi likalowa, likabonyea. Nikaona maji upande wa kushoto yako chini ya upande wa kulia kwa vidole viwili. Nikayapunguza mpaka nusu, nikampigia. "Nakuja sasa hivi" yake ilifika kesho yake jioni. Alipofika, sawa, alileta pima maji, vibati vya chuma na shiti la styrofoam la kulalia tangi, na hakudai hata nauli. Sasa ni mwezi wa nane tangu hapo, limetulia.

Ukubwa nimeuona faida yake mwezi wa sita na wa saba, nyie wa Mbeya mnaijua baridi yetu. Oska anataka nyuzi 24 mpaka 27. Nina hita mbili za wati 300, ili moja ikifa nyingine ishike zamu, na mita ya umeme ya LUKU inalia. Umeme ukikatika nalifunika blanketi. Lile dogo lilikuwa linapoa kabla ya saa sita usiku, hili linafika asubuhi maji bado yana uvuguvugu. Kila Jumapili natoa ndoo saba za lita 20 na kurudisha saba, zimelala usiku kucha kwenye pipa lililo wazi klorini itoke, nikaongeza maji ya moto kutoka kwenye birika. Kwa wenye saluni wenzangu: pampu ya hewa msiiweke ndani. Inavuta spreyi na moshi wa dawa za nywele, inauingiza moja kwa moja kwenye maji. Yangu iko nje ya dirisha, mrija ndio unaoingia.

Vishimo vya kichwani vimeziba, vimebaki vialama. Chifu yuko sentimita 27.

Lililobaki ni mfuniko. Fundi alikata kioo cha milimita 4, chepesi. Msimu wa kumbikumbi mmoja akatua juu ya kioo, Chifu akaruka kumfuata, mfuniko ukaenda sakafuni vipande. Fundi anadai 20,000 atengeneze mwingine wenye fremu ya alminiamu, kwa hoja kwamba yeye hakuambiwa samaki ana nguvu kiasi hicho. Nimemwambia angeuliza. Tumesogezana mpaka 10,000, anakuja Jumamosi, na kwa sasa juu ya tangi kuna sinia la pilau limekandamizwa na galoni mbili za shampuu.